Ndege ya usiku au ya mchana? Chagua kwa kuitazama siku ya kwanza ugenini

Wengi wetu tukikata tiketi ya safari ndefu hutazama vitu viwili: bei na muda wa kukaa hewani. Saa ya kutua huja kukumbukwa baadaye, tiketi ikiwa imeshalipiwa, mtu anapoanza kuuliza atafikia wapi na nani atampokea. Kwangu mimi mpangilio huo umekaa miguu juu kichwa chini. Safari inayovuka kanda tano za saa au zaidi huamuliwa na saa utakayotua, na mwanga utakaokutana nao ukitoka nje ya uwanja. Hivyo viwili ndivyo vitakavyosema kama siku ya kwanza utaitumia au utaikokota tu. Bei ina nafasi yake, lakini tiketi nafuu inayokugharimu siku nzima ya safari ya siku tano si nafuu sana.

Uchovu wa safari na saa ya mwili

Kabla ya kulinganisha ndege na ndege, tenganisha uchovu wa aina mbili, maana dawa zake hazifanani.

Wa kwanza ni wa safari yenyewe: kukaa kitini, ngurumo za injini, foleni, hewa kavu. Ndani ya ndege unyevu wa hewa kwa kawaida huwa chini ya asilimia 20, na shinikizo la hewa ni kama la mtu aliye mlimani kati ya mita 1,800 na 2,400. Kwenye ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 huwekwa karibu na ile 1,800, na ukiwa na nafasi ya kuchagua, zichague. Uchovu huu huisha kwa maji, kuoga na usiku mmoja wa kulala vizuri.

Wa pili ni wa saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna fungu la seli zipatazo 20,000 zinazoendesha ratiba ya usingizi, joto la mwili na homoni. Saa hiyo husogezwa hasa na mwanga unaoingia machoni, na hairuki saa nane kwa mkupuo. Inakwenda kidogo kidogo, na wakati haijafika unakodoa macho usiku wa manane na kusinzia mezani mchana, njaa nayo ikija wakati hakuna anayekula.

London hadi Johannesburg ni kama saa 11 hewani, lakini tofauti ya saa ni moja au mbili tu, kutegemea msimu. London hadi New York ni saa nane hivi, na tofauti ni saa tano. Aliyeshuka Johannesburg amechoka, basi. Aliyeshuka New York amechoka na mwili wake uko bara jingine. Kwa njia za kaskazini-kusini kama ile ya kwanza sina mjadala: panda ndege ya usiku, lala kadiri utakavyoweza, amka ufanye shughuli zako. Mengine yote hapa chini ni ya wanaovuka mashariki au magharibi. Hesabu kanda za saa, usihesabu kilomita.

Mashariki si sawa na magharibi

Upande wa safari si wa kuchagua, maana unakokwenda umeshakujua, lakini ndio unaoamua uhangaike kiasi gani na tiketi. Saa ya mwili wa binadamu ikiachwa bila mwanga wa kuirekebisha huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika kumi hivi. Ina tabia ya kuchelewa. Kwa hiyo kuichelewesha, ambako ndiko kwenda magharibi, ni kazi nyepesi kuliko kuiwahisha. Kwa makadirio yanayotumika sana, mwili husogea kama saa moja na nusu kwa siku ukienda magharibi, na kama saa moja tu kwa siku ukienda mashariki. Tofauti ya saa sita itakuchukua siku nne upande mmoja na sita upande wa pili.

Kwa lugha ya mfukoni: ukienda magharibi, nunua tiketi yenye nafuu, karibu yoyote itakufaa. Pesa ya kuongeza, kama ipo, iweke kwenye safari ya mashariki.

Kuna hali moja isiyofuata kanuni hii. Tofauti ikizidi saa tisa au kumi kuelekea mashariki, mara nyingi ni rahisi zaidi kuuacha mwili uzunguke kwa upande wa kuchelewa, kana kwamba ulikwenda magharibi. Tofauti ya saa 12 haina mashariki wala magharibi. Ichukulie ni ya magharibi na ulale ukichelewa badala ya kujilazimisha kulala mapema.

Kutua asubuhi au kutua jioni

Uzito wote uko hapa. Chukua njia moja, London kwenda Singapore, saa 13 hivi hewani, katika miezi ambayo Singapore iko mbele kwa saa nane.

Abiria wa kwanza anaondoka saa tano asubuhi. Anakula, anatazama filamu mbili, anasinzia kidogo mchana, na anatua saa mbili asubuhi ya siku ya pili. Mwilini mwake ni saa sita usiku. Wakati ambao kwao angekuwa anavuta shuka, huku jua limepanda, chumba cha hoteli hakijawa tayari, na mbele yake kuna mchana mzima.

Abiria wa pili anaondoka saa nne usiku. Siku yake ameimaliza kama kawaida, anapanda akiwa na usingizi wake wa kila siku, analala saa tano au sita wakati ambao mwili wenyewe unataka kulala, na anatua saa moja jioni. Mwilini mwake ni saa tano asubuhi. Hana usingizi, hilo sikatai, na usiku ule utakuwa mrefu. Lakini ana kitanda, ana giza, na hadaiwi chochote hadi kesho.

Wote wawili wamekaa hewani muda uleule, labda kwenye aina ileile ya ndege. Mmoja kaipoteza siku ya kwanza kabla hajatoka uwanjani. Ndiyo maana swali la "ya usiku au ya mchana" peke yake halitoshi. Kwa njia ndefu za mashariki, zenye saa 11 na kuendelea, tafuta ndege inayoondoka usiku na kutua jioni. Zipo, ila mifumo ya kutafutia tiketi haizipi kipaumbele. Nenda kwenye kichujio cha saa ya kufika uzitafute mwenyewe.

Njia fupi za mashariki zina shida nyingine. New York hadi London, ndege nyingi huondoka jioni na kutua asubuhi. Upepo mkali wa juu hutoka magharibi kwenda mashariki na huisukuma ndege, hivyo safari inayochukua saa nane kurudi huweza kuwa chini ya saa saba kwenda. Kwa rubani ni habari njema, kwako ni usiku uliokatwa mkia. Ondoa chakula cha jioni baada ya kupaa, ondoa kifungua kinywa na taa kuwashwa kabla ya kutua, zinabaki kama saa nne, nazo zinaanza wakati mwili wako haujaanza hata kupiga miayo. Unashuka saa moja asubuhi, saa ya mwili inasoma saa nane usiku.

Mbadala wake ni ndege chache za mchana katika njia hiyo hiyo: unaondoka saa mbili asubuhi, unatua saa mbili usiku. Ubaya wake uko wazi. Unaamka alfajiri kuwahi uwanja, siku nzima ya kazi imekwenda, na usiku wa kwanza usingizi utachelewa kwa sababu saa sita usiku ya London ni saa moja jioni mwilini mwako. Pamoja na yote hayo, kesho yake utaamka kitandani, si kitini. Kama kesho hiyo una usaili, mtihani au mkutano wa kuongoza, ya mchana naichukua bila kusita. Kama ni matembezi tu, ya usiku inavumilika, na imekuokolea gharama ya chumba cha usiku mmoja.

Kwenda magharibi kuna nafuu kubwa. Ondoka London saa tano asubuhi, utashuka New York saa nane mchana. Kazi yako pekee ni kubaki macho hadi saa tatu usiku, ambayo mwilini ni saa nane usiku. Ni ngumu, ila inafanyika, hasa ukiwa nje unatembea. Utaamka saa kumi alfajiri siku ya pili ukiwa mzima kabisa huku jiji limelala. Hilo halidhuru.

Nikiviweka ubavu kwa ubavu, kwa safari ya kwenda mashariki:

| | Kutua asubuhi | Kutua jioni |
|---|---|---|
| Mwili | Uko usiku wa manane au karibu na hapo | Uko mchana, una nguvu |
| Chumba | Mara nyingi hakijawa tayari | Kiko tayari |
| Usafiri wa kutoka uwanjani | Wa kila aina upo | Treni na mabasi ya mwisho huweza kukupita |
| Mwanga wa kwanza | Huweza kuisukuma saa ya mwili upande usiotakiwa | Giza, halina madhara |
| Usiku wa kwanza | Unalala kama gogo, kisha unaamka katikati ya usiku | Usingizi unachelewa kuja |
| Anayemfaa zaidi | Mwenye mwenyeji na kitanda kinachomsubiri | Mwenye shughuli kesho yake |

Hiyo safu ya usafiri isikupite hivi hivi. Kutua saa nne usiku katika jiji usilolijua, ukiwa peke yako, simu haina laini ya huko na nyumba ya wageni ina mapokezi yanayofungwa mapema, ni mzigo wa aina yake. Ukichagua kutua usiku, panga gari la kukupokea kabla hujaondoka na iandikie hoteli saa utakayofika. Kama huna uhakika na mambo hayo mawili, tua mchana, usingizi utautafuta baadaye.

Kuhusu chumba: hoteli nyingi duniani huanza kupokea wageni saa nane au saa tisa mchana. Anayetua saa kumi na mbili asubuhi ana njia mbili, kulipia usiku uliotangulia au kuacha mizigo mapokezi na kuzunguka. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuzunguka. Aliye na watoto wadogo au mzazi mzee, ushauri wangu ni mmoja: lipia usiku uliotangulia, uiandikie hoteli kwamba utaingia asubuhi, ili wasidhani hukutokea wakakifuta chumba.

Moja kwa moja au kuunganisha

Wanaopenda kuunganisha husema unanyoosha miguu, unaoga, unapumzika. Ni kweli mchana. Usiku ni hadithi nyingine. Safari ya saa 14 iliyokatwa katikati inakupa vipande viwili vya saa saba, na kila kipande kina kupaa kwake, chakula chake na kutua kwake. Vipande viwili vya usingizi wa saa tatu haviwi sawa na kipande kimoja cha saa sita. Na mara nyingi saa ya kubadili ndege huangukia saa nane usiku, ukipita tena kwenye ukaguzi na viatu mkononi.

Kwa hiyo tazama ratiba, usitazame idadi ya vituo. Kituo kinachoangukia mchana wa mwili wako hakina ubaya, na bei huwa imeshuka vya kutosha kukifidia. Kinachoangukia usiku wa mwili wako kinaharibu safari mbili, ile uliyotoka na ile unayokwenda. Ukiweza kulala usiku mzima katika mji wa katikati, hapo kuunganisha kunashinda ndege ya moja kwa moja hata kwa afya, kwa sababu unavuka kanda za saa kwa awamu na mgongo umelala chini.

Jambo linaloumiza zaidi watu ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali. Tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nafasi nyingine. Zikiwa mbili, wewe ndiye uliyechelewa, na ya pili imekwenda na pesa yako. Tofauti ya bei inaweza kuvutia sana. Iache ikuvutie kama tu una saa nyingi katikati, tena za kutosha kutoka na mizigo, kupita uhamiaji na kuikabidhi upya. Angalia na viza. Viwanja vingi humruhusu abiria wa kuunganisha abaki ndani bila kuingia nchini, lakini Marekani haina utaratibu huo: kwa kawaida anayetua kutoka nje hupita uhamiaji na forodha katika uwanja wa kwanza, hata kama anaendelea nchi nyingine saa mbili baadaye, na anahitaji kibali cha kuingia au viza ya kupitia.

Mizigo nayo hupotea zaidi penye kubadilishana ndege. Begi lisipotokea, ripoti kwenye kaunta ya mizigo kabla hujatoka uwanjani na uondoke na karatasi yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, begi ambalo halijafika baada ya siku 21 huhesabiwa limepotea na unaweza kudai fidia. Dawa, chaja na nguo ya kubadili viwe kwenye begi la mkononi, uunganishe au usiunganishe.

Dirishani au njiani

Hili ni fupi. Anayekusudia kulala akae dirishani: ana ukuta wa kuegemea, kifuniko cha dirisha kiko mikononi mwake, na hakuna wa kumwamsha ili apite. Asiyeweza kulala kwenye ndege, au mwenye safari ya mchana, akae njiani, yaani kiti cha kando ya ujia, ainuke mara kwa mara. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka kama maradufu baada ya safari ya kukaa saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya hubaki ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Aliye dirishani huinuka mara chache, hivyo achezeshe vifundo vya miguu na kukaza misuli ya shavu la mguu hata akiwa amekaa. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kuganda damu aongee na daktari kabla ya safari, na siti ya njiani kwake si suala la kupenda.

Umeshafika: jua au miwani ya giza

Ushauri unaozunguka kila mahali ni "ukifika toka nje upate jua". Nusu ya wakati ushauri huo hukufanya uchelewe kuzoea.

Mwili una sehemu ya chini kabisa ya usiku, joto linaposhuka kuliko wakati wote, na hiyo huja kama saa mbili au tatu kabla ya saa yako ya kawaida ya kuamka. Anayeamka saa moja asubuhi nyumbani, yake iko kwenye saa kumi alfajiri au baada kidogo. Mwanga ukiingia machoni kabla ya hapo, saa ya mwili inachelewa. Ukiingia baada ya hapo, inawahi. Sasa beba saa kumi alfajiri ya nyumbani uipeleke kwenye saa ya unakokwenda.

Ukienda mashariki kwa saa nane, inaangukia saa sita mchana. Umetua saa kumi na mbili asubuhi, umetoka nje kwa furaha, jua linakupiga usoni mpaka saa sita: saa zote hizo zinauchelewesha mwili wakati unautaka uwahi. Vaa miwani ya giza, kaa ndani, kunywa chai mbali na dirisha, kisha saa sita ikipita toka ukae juani alasiri yote. Ukienda mashariki kwa saa tano, kama wale wa New York kwenda London, inaangukia saa tatu asubuhi. Hapo hakuna haja ya kujificha sana. Uhamiaji, mizigo na treni ya kuingia mjini vitakupeleka hadi saa hiyo vyenyewe, na ukishaacha begi hotelini jua ni lako.

Ukienda magharibi mambo yamenyooka. Kwa tofauti ya saa sita inaangukia saa nne usiku, kwa hiyo mwanga wote wa alasiri na jioni unakusaidia. Kaa nje mpaka jua lizame. Kinachopingana nawe ni kitanda tu.

Hesabu hii ni ya siku ya kwanza. Kila siku inayopita sehemu ile inasogea saa moja au zaidi, nawe usogee nayo.

Kulala kidogo au kukomaa hadi usiku

Kuna kambi mbili hapa, na kila moja huapa kwa njia yake. Wa kukomaa wanasema ukigusa kitanda mchana umekwisha. Wa kulala wanasema binadamu si mashine. Mimi niko na wa kulala, kwa masharti.

Usingizi wa dakika 20 hadi 30 hukuondolea ukungu kichwani na hauchukui chochote cha usiku. Ukivuka nusu saa unaingia kwenye usingizi mzito, na kengele ikikukatiza humo unaamka na mawenge yatakayokufuata saa nzima. Ukitaka kuzidisha basi nenda hadi dakika 90, mzunguko mmoja kamili, na usizidi hapo. Vyovyote vile uwe umeshaamka kabla ya saa tisa alasiri. Weka kengele mbili, moja uiweke mbali na kitanda, kwa sababu mtu wa siku ya kwanza huizima ya karibu bila hata kujua.

Kukomaa kuna maana pale tu ambapo zimebaki saa chache kufika usiku, kama aliyetua saa nane mchana baada ya kwenda magharibi. Aliyetua saa moja asubuhi akiwa amelala saa mbili kwenye ndege, kukomaa hadi usiku ni kujitesa, na ifikapo alasiri hafai kuaminiwa hata na ramani. Majaribio yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakikataza barabarani. Kwa hiyo kati ya gari la kukodi na treni au teksi katika siku ya kwanza sioni la kulinganisha. Gari likodi kesho.

Kahawa, melatonini, vidonge vya usingizi

Kahawa huuficha uchovu na haisogezi saa ya mwili kiasi cha kutegemewa. Nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa tano baadaye, kwa wengine zaidi, hivyo kikombe cha saa kumi jioni bado kipo nawe saa tatu usiku. Inywe asubuhi ya huko na ukome mchana.

Melatonini, homoni ambayo mwili hutoa usiku, ni kinyume chake: haikulazi kwa nguvu, ila huuambia mwili kwamba giza limeingia. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2002 uliiona inafanya kazi kwa wanaovuka kanda tano au zaidi, hasa wanaokwenda mashariki, ikimezwa karibu na saa ya kulala ya unakokwenda. Miligramu 0.5 zilisaidia karibu sawa na miligramu 5, isipokuwa dozi kubwa iliharakisha usingizi. Ikimezwa saa isiyo yake hukusinzisha mchana na kukuchelewesha kuzoea. Marekani huuzwa dukani kama virutubisho. Uingereza ni kwa cheti cha daktari. Wenye kifafa na wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wasiiguse kabla ya kuuliza.

Vidonge vya usingizi kwenye ndege sivipendi. Vinakufanya usiinuke kitini kwa saa nyingi, na ndege ikilazimika kurudi au kushusha watu ghafla, wewe hujitambui. Pombe huleta usingizi wa haraka kisha huukatakata. Kati ya vyote hivi, kama nachagua kimoja kwa safari ya mashariki, ni melatonini usiku na kahawa asubuhi. Kwa safari ya magharibi, hata kimoja si lazima.

Ukikaa siku mbili tatu tu

Yote hayo juu yanadhani unataka kuzoea. Safari ya siku mbili au tatu haikupi muda huo. Ukianza kusogea utakuwa nusu njia siku ya kurudi, na nyumbani utaanza upya. Hapo bora ubaki na saa za nyumbani kadiri ratiba inavyoruhusu: kula na kulala kwa saa zako, na uombe mikutano iangukie pale mchana wako na mchana wao unapokutana. Ukiwa umekwenda magharibi, omba asubuhi yao. Ukiwa umekwenda mashariki, omba alasiri yao, mapema zaidi ya hapo utakuwepo kwa jina tu.

Kwa safari ya namna hiyo ndege ya kurudi ndiyo ya kuichagua kwa makini zaidi. Kama uliko ni magharibi ya nyumbani na kesho ya kufika ni siku ya kazi, tafuta ndege ya mchana ikufikishe jioni ulale kwako. Ikikosekana, chukua ya usiku ya mkesha wa siku ya mapumziko, na hiyo asubuhi usimwahidi mtu chochote.